Muuguzi wa Thieta na Thamani ya Utulivu Wake

Katika desturi zetu za shukrani, mgonjwa aliyepasuliwa akapona humshukuru Mungu kwanza, kisha humshukuru daktari, kisha huwashukuru jamaa waliotoa damu na wale waliokesha kwenye mabenchi ya hospitali na chupa za uji mapajani. Na ni nadra sana, katika mfuatano huo ambao kwa nafsi yake ni mwema na wa haki, kumsikia akimtaja muuguzi aliyesimama mkabala wa daktari muda wote wa kazi, akitoa chombo kimoja na kupokea kingine kwa namna ambayo mtazamaji wa mbali angedhani kuwa hakuna lolote lililotendeka. Kusahauliwa huko hakutokani na utovu wa fadhila. Wauguzi wa wodini huonekana. Mgonjwa huwajua kwa majina, huwajua kwa sauti, hata kwa nyayo zao usiku wa manane. Muuguzi wa thieta humpokea mgonjwa mlangoni, humuuliza jina lake na upasuaji alioukubali, humshika mkono dawa ya usingizi inapoingia, na tangu hapo yule anayenufaika na kazi yake aghalabu huwa amelala, hana habari; akizinduka, yumo mikononi mwa watu wengine. Kazi ambayo shahidi wake mkuu amelala haina budi kuelezwa na mtu mwingine.

Wachache wanaomwona kazini humsifu kwa utulivu, lakini aghalabu humsifu vibaya. Husema kuwa ana moyo mgumu, kwamba damu ameizoea, kwamba ameumbwa na tabia ya ubaridi. Sifa hizo humdhulumu, maana humpa kuwa tunu ya maumbile kitu alichokichuma kwa jasho. Rai yangu ni kuwa utulivu wa thieta ni zao la matayarisho na la hesabu, na kwamba kipimo chake cha mwisho ni sauti itolewayo kwa wakati wake. Asiyeyajua hayo hawezi kumtambua muuguzi stadi hata akisimama naye chumba kimoja.

Upasuaji wa kawaida huwa na mpasuaji, msaidizi wake, mtaalamu wa usingizi, yaani mtu wa nusukaputi kama wasemavyo wazee, na wauguzi wawili. Muuguzi wa kwanza hunawa. Husugua mikono kwa dakika kadhaa, toka ncha za vidole hata juu ya viwiko, akiwa ameiinua ili maji yachuruzike kuelekea viwikoni yasirudi vidoleni. Kisha huvaa joho lililotakaswa kwa mvuke, na glavu, na tangu hapo hagusi uso wake, hashushi mikono chini ya kiuno, wala haipi mgongo meza ya vyombo. Kabla ya hapo amekwisha soma orodha ya siku, amejua kama ni tumbo au ni mfupa, amejua kama mpasuaji wa leo hutumia mkono wa kushoto na uzi gani anaoupenda. Visu, mikasi, koleo za kubania mishipa ya damu na vishikio vya sindano huvipanga kwa utaratibu mmoja usiobadilika, ili mkono uvijue hata jicho likiwa penginepo. Muuguzi wa pili hanawi. Yeye huzunguka: hufungua paketi pasipo kugusa kilichomo ndani, hurekebisha taa, huandika ubaoni, hupiga simu maabara, huagiza damu. Katika jahazi nahodha ndiye atajwaye, lakini serahangi ndiye ajuaye kila kamba ilipofungwa. Na wauguzi hawa wawili ndio maserahangi wa chumba hicho.

Matayarisho hayo yote hujulikana faida yake pale mambo yanapoharibika. Chukua mfano wa upasuaji wa kujifungua, ambao katika hospitali za wilaya za Afrika Mashariki hufanywa usiku na mchana. Mtoto ametolewa na amelia, mkunga amempokea, kondo la nyuma limetoka. Na mfuko wa uzazi, ambao ungepaswa kujikaza ukawa mgumu, umebaki laini na unavuja. Katika mimba iliyotimia damu ipitayo katika mfuko huo huzidi nusu lita kwa kila dakika, ilhali mwili mzima wa mtu mzima una takriban lita tano tu, kwa hiyo muda uliobaki wa kumwokoa mama huyo ni wa dakika. Hapo ndipo mgeni angetazamia makelele. Katika thieta yenye watu waliozoeana kwa kazi husikika maneno mafupi: mpasuaji hutaja anachokiona, mtaalamu wa usingizi hutaja shinikizo la damu na dawa anayoongeza, na kila anayeagizwa jambo hulikariri kwa sauti kabla ya kulitenda, ili aliyeagiza ajue kuwa amesikiwa. Muuguzi azungukaye keshamtuma mtu benki ya damu kabla hajaombwa, na sasa anazipima kwenye mizani shashi zilizolowa, akitoa uzito wa shashi kavu, kwa kuwa gramu moja ya ziada ni takriban mililita moja ya damu. Hujumlisha na kiasi kilichomo katika chupa ya mashine ya kunyonya, kisha hutangaza: lita moja. Lita moja na robo. Tangazo hilo laonekana dogo. Lakini mpasuaji aliyeinamia jeraha hupotewa na kadiri ya damu iliyomwagika, na aghalabu huikisia pungufu, hata namba itolewayo na muuguzi ikawa ndiyo inayoamua kama mambo yangali ya kungoja au yamekwisha kuwa ya hatari.

Wakati huo aliyenawa amekwisha weka tayari sindano kubwa yenye uzi mrefu wa kuyeyuka mwilini, kwa sababu ameyasikia majibu ya dawa, ameona mikono ya mpasuaji inavyoukanda mfuko bila mafanikio, na anajua kuwa hatua inayofuata yaweza kuwa mshono wa B-Lynch, ule uliotangazwa mwaka 1997 na Christopher B-Lynch, mpasuaji mzaliwa wa Sierra Leone aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, ambao huubana mfuko wa uzazi ukaacha kutoka damu pasipo kuuondoa. Mkono wa mpasuaji unapofunguka, kishikio cha sindano kimo kiganjani, na ncha ya sindano imeelekea upande utakiwao. Hakuna aliyetafuta, hakuna aliyesubiri. Methali yetu ya kuwa haraka haraka haina baraka haikutungwa kwa ajili ya mahali kama hapo, maana hapo haraka ni faradhi; ila haraka ya muuguzi huyu ilifanywa saa moja iliyopita, alipokuwa akipanga meza yake, na sasa anaitumia kidogo kidogo kama mtu asiye na shughuli.

Na katikati ya dhiki hiyo bado anahesabu. Shashi huletwa katika mafungu ya tano tano au kumi kumi, nazo huhesabiwa na wauguzi wawili kwa pamoja, kwa sauti, na kila shashi ikitenganishwa na mwenzake, kabla ya kisu kugusa ngozi. Huhesabiwa tena kabla ya mfuko wa uzazi kufungwa, tena kabla ya tumbo kufungwa, na tena ngozi inapomalizwa. Sindano na vyombo vivyo hivyo. Shashi za kazi hiyo hufumwa na uzi unaoonekana katika picha ya eksirei, kwa kuwa kitambaa kilicholowa damu ndani ya tumbo hufanana na nyama, na kikiachwa humo chaweza kuzua usaha na homa, au kutoboa utumbo, hata miezi na miaka baada ya mwenyewe kurudi kwake akiwa amefanyiwa sherehe. Daktari Atul Gawande na wenzake, katika uchunguzi waliouchapisha Marekani mwaka 2003, waliona kwamba hatari ya kusahau kitu mwilini katika upasuaji wa dharura huzidi ya upasuaji uliopangwa kwa takriban mara tisa. Na jambo la kutia hadhari zaidi ni kuwa katika sehemu kubwa ya visa walivyovichunguza, vile ambavyo hesabu ilifanywa, karatasi ilionyesha kuwa imetimia. Yaani watu walihesabu kwa midomo, fikira zikiwa mahali pengine. Kuhesabu kwa macho na vidole ilhali mgonjwa anavuja damu, mpasuaji anataka kufunga, saa ni tisa ya usiku na kuna mgonjwa mwingine mlangoni, kisha kusema bila kutetemeka, "Daktari, hesabu haijatimia," hata kazi yote ikasimama mpaka shashi ya kumi ionekane: huo ndio ustadi ninaouzungumzia, na nyadhifa ni chache ambamo mtu wa cheo cha chini huruhusiwa kumsimamisha aliye juu yake kwa neno moja, akatiiwa.

Nakiri kuwa historia ya upasuaji haikuwatendea haki wauguzi hao. Glavu ambazo leo hapana mpasuaji athubutuye kuzikosa zilianza kwa ajili ya mikono ya muuguzi. Katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, iliyofunguliwa mwaka 1889, muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji alikuwa Caroline Hampton, naye ngozi ya mikono yake ilichubuka na kuvimba kwa dawa kali za zebaki zilizotumiwa kuua vijidudu, kiasi cha kukaribia kuiacha kazi. Mpasuaji William Halsted, ambaye hakutaka kumpoteza msaidizi wa namna ile, alikiomba kiwanda cha mpira cha Goodyear kimtengenezee glavu nyembamba; zikafaa, wengine wakaziomba, na miaka ikapita kabla ya watu kung'amua kwamba zilikuwa zikimkinga mgonjwa zaidi ya kumkinga mvaaji. Halsted na Hampton walioana mwaka 1890, naye akaiacha kazi ya uuguzi. Vitabu humtaja bwana kuwa mvumbuzi, na bibi humtaja kwa upele wake.

Sasa niingie katika jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha habari hii, nalo ni kuwa utulivu usichanganywe na ukimya. Mwezi Machi 2005, nchini Uingereza, mke wa rubani mmoja, Martin Bromiley, alipelekwa kufanyiwa upasuaji mdogo wa pua. Baada ya dawa ya usingizi njia yake ya pumzi ilifunga, na daktari wa usingizi hakuweza kupitisha mrija. Wakaja madaktari wengine wawili, wote mabingwa, wakaendelea kujaribu njia ile ile, ilhali oksijeni katika damu ilikuwa imeshuka mno. Wauguzi waliokuwemo walielewa. Mmoja aliagiza vyombo vya kutoboa koo ili kufungua njia mpya ya pumzi, akawaambia madaktari kuwa vimekwisha fika, hakuna aliyeitikia. Mwingine alipiga simu kutayarisha kitanda katika wodi ya wagonjwa mahututi, akarudi kutoa habari, akatazamwa kwa namna iliyomfanya aone kuwa amekuza mambo, akakighairi kitanda. Mama yule alifariki siku 13 baadaye bila kuzinduka.

Wauguzi hao hawakukosa maarifa, wala hawakutaharuki. Walikuwa watulivu, na vyombo walivileta. Kilichokosekana ni njia ya neno lao kuingia masikioni mwa waliokuwa juu yao. Mume wa marehemu, kwa kuwa ni mtu wa ndege, aliutambua ugonjwa huo mara moja, maana urubani ulikuwa umekwisha kuugua: mwaka 1977, huko Tenerife, ndege mbili kubwa ziligongana katika njia ya kurukia wakafa watu 583, na mhandisi aliyeketi nyuma ya rubani alikuwa ameuliza, kwa sauti ya shaka, kama ndege ya pili imekwisha pisha njia, akajibiwa kwa mkato kuwa imepisha. Tangu wakati huo mashirika ya ndege yakafundisha wadogo kusema na wakubwa kusikia. Bromiley hakutaka watu wale waadhibiwe. Alitaka kilichotokea kifunzwe, na mwaka 2007 akaanzisha jumuiya ya kueneza elimu hiyo katika hospitali. Laiti kila mkubwa wa thieta angeisoma habari yake walau mara moja.

Shirika la Afya Duniani lilikuwa likitafuta dawa ya ugonjwa huo huo lilipotoa mwaka 2008 Orodha ya Usalama wa Upasuaji, karatasi moja yenye vipengele 19, isomwayo kwa sauti mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Ilijaribiwa katika hospitali nane za Toronto, London, Seattle, Auckland, Amman, Manila, New Delhi, na Ifakara yetu katika bonde la Kilombero, ambako hospitali ya Mtakatifu Fransisko ilisimama safu moja na hospitali za miji mikubwa ya dunia. Katika jumla ya wagonjwa karibu 7,700, vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Msomaji aweza kushangaa kuwa kati ya vipengele hivyo kimoja chataka kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Mzaha? Hata kidogo. Mtu aliyekwisha isikia sauti yake mwenyewe mbele ya wenzake huona wepesi wa kuitoa tena penye hatari, na anayeitwa kwa jina lake hujua kuwa ni yeye aliyeagizwa, asidhani kuwa ni mwingine. Aghalabu anayeisoma orodha hiyo ni muuguzi azungukaye, naye kwa dakika mbili hizo ndiye kiongozi wa chumba.

Wala karatasi yenyewe haina uganga. Jimbo la Ontario, Kanada, lililazimisha hospitali zake kuitumia, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 wa hospitali 101 haukuona nafuu ya kutajika. Watu hubishana kuhusu sababu, lakini mimi huegemea upande wa wale wasemao kuwa alama ya tiki huwekwa kwa urahisi kuliko ushirikiano. Mahali ambapo mpasuaji hurusha koleo chini akikasirika, na matusi yakahesabiwa kuwa dalili ya ubingwa, orodha itajazwa vizuri sana na shashi itasahauliwa vile vile.

Zaidi ya hayo, yatupasa kuwa wakweli juu ya hali ilivyo kwetu. Nimeeleza wauguzi wawili. Katika hospitali ndogo usiku, mara nyingine yupo mmoja, naye hunawa, huhesabu na kutafuta uzi, na mtu wa kumtuma benki ya damu ni yule yule anayesukuma machela. Kumsifu muuguzi huyo kwa ushujaa, kisha kumwacha peke yake zamu inayofuata, ni kumcheka. Utulivu unahitaji watu wa kutosha, na vyombo vilivyotakaswa, na taa isiyozimika, na usingizi wa kutosha kabla ya zamu; mambo ambayo hayamo katika uwezo wa muuguzi, yamo katika bajeti.

Kila tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale, wauguzi huvaa sare zao zilizopigwa pasi, huwasha mishumaa na kula kiapo upya, na tuzo hutolewa. Mwaka 2022, huko Dubai, Anna Qabale Duba wa Marsabit, Kenya, alipewa tuzo ya kwanza ya dunia ya Aster Guardians, yenye dola 250,000, kwa kazi yake ya elimu na ya kupinga ukeketaji katika jamii yake. Nayo aliistahiki kabisa. Lakini tazama jinsi tuzo zinavyofuata kazi iliyo na mashahidi, na ndivyo zinavyofanya kila mahali, kwa kuwa hakuna kamati iwezayo kutuza shashi ambayo haikusahauliwa, wala mama ambaye hakufariki kwa kuwa uzi ulikuwa tayari. Wenye kuyajua hayo ni waliokuwemo chumbani. Basi wajibu wa kuyasema ni wao kwanza. Mpasuaji aandikaye taarifa ya upasuaji na aandike pia kilichotendwa na muuguzi, maana dakika moja ya wino wake yaweza kuwa ushahidi pekee utakaopatikana siku ya kupandishwa vyeo.

Sisi wagonjwa na jamaa nasi tusijione kuwa hatuhusiki. Majina ya wauguzi waliokuwa thieta huandikwa katika kumbukumbu za upasuaji. Ukipona, mwombe muuguzi wa wodi akutafutie, kisha mwandikie barua muuguzi mkuu wa hospitali, ukitaja tarehe na jina, ukiomba iwekwe katika jalada la mtumishi huyo. Iandike kabla hujaondoka hospitalini, maana ukifika nyumbani utasahau.